Wewe ulikaa mkekani, yeye alikuwa jikoni

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu hapa Iringa, nina miaka 34. Tangu utoto ni mtu mkimya. Mwenyekiti wetu ni kinyume changu kabisa: anaongea kwa sauti, anaomba kwa sauti, akiingia mahali kila mtu anajua ameingia. Mwezi uliopita dada mmoja wa jumuiya alifiwa na mumewe. Nilikaa naye mkekani tangu asubuhi mpaka jioni. Sikuwa na maneno, nilikaa tu. Mwenyekiti alikuwa huku na huku: turubai, kuni, masufuria, michango. Wakati wa chakula akasimama mbele za watu akasema, "Wengine mmekuja msibani kukaa kama wageni," akinitazama mimi. Tangu siku hiyo sijakanyaga jumuiya, Jumamosi tatu sasa. Najiuliza kama imani yangu ina kasoro, maana hata kuomba kwa sauti mbele za watu nashindwa. Na kusema ukweli, yule mama mwenyekiti simpendi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilisoma barua yako jana usiku, nikaisoma tena leo alfajiri kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu umenigusa mahali ninapopajua.

Kwanza, maneno yale yalikuwa kosa. Mtu hasemwi msibani, tena mbele ya mfiwa na sahani mkononi. Hilo nalisema mapema ili usidhani nitamtetea. Ila nataka nikusimulie msiba wangu mimi, halafu turudi kwake.

Mume wangu alifariki mwaka 2011. Tulimzika Machame, kwenye kihamba cha baba yake, kati ya migomba. Siku zile nilikuwa na wanawake wawili ambao mpaka leo sijui ningepitaje bila wao, lakini mmoja nilimshukuru siku ile ile, na mwingine ilinichukua muda.

Wa kwanza ni jirani yangu. Alikaa ubavuni kwangu siku tatu. Hakuniambia "pole" zaidi ya mara moja. Kitenge kilipokuwa kikiteleza begani mwangu alikuwa anakipandisha, taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Usiku nilipokosa usingizi hakuniambia lala. Aligeuka tu akanielekea, nikajua kuna mtu mwingine aliye macho.

Wa pili ni wifi yangu mkubwa. Yeye nilikuwa namsikia tu. Nimekaa ndani na maumivu yangu, huko nje sauti yake inapita juu ya sauti zote: "Nani amechukua ndoo ya bluu? Mchele wa pili umeingia au bado? Mwenye turubai alipwe sasa hivi, asisubiri!" Kila alipopaza sauti nilikuwa nakunja ngumi chini ya kitenge. Aliyekufa ni kaka yake, tumbo moja, na sikuliona chozi lake hata moja. Nilijiambia moyoni kwamba yule mwanamke hana uchungu. Nililibeba neno hilo mpaka baada ya maziko.

Wiki moja baadaye, watu wametawanyika, alikuja na kauntabuku. Lilikuwa na masizi kwenye jalada na harufu ya moshi wa kuni. Ndani kila jina la aliyeleta rambirambi lilikuwa limeandikwa na kiasi chake, hata aliyeleta shilingi 500. Mchele ulioingia, mchele uliopikwa, mchele uliobaki. Sukari. Mafuta ya gari lililoleta jeneza. Deni: hakuna. Ukurasa wa mwisho aliandika kwamba ada ya kijana wangu ya muhula unaofuata imeshalipwa, na risiti ameibandika hapo hapo. Nilimuuliza, "Wifi, wewe ulilia saa ngapi?" Akanijibu, "Nililia chooni. Nje walikuwa wananisubiri niwape hela ya kuni."

Mwanangu, mpaka leo nikimkumbuka mlangoni na lile daftari nasikia aibu kwa nilivyomhukumu.

Sasa fungua Yohana 11. Najua watu wakitaja Martha na Mariamu hukimbilia Luka 10, Martha anahangaika jikoni, Mariamu ameketi miguuni pa Yesu, na mkimya ameshinda. Mafundisho mengi ya wanawake niliyoyasikia yaliishia pale. Lakini hao hao dada wawili wanaonekana tena msibani, na hapo ndipo ninapotaka usome polepole. Lazaro amekufa. Martha anaposikia Yesu anakuja, anatoka kwenda kumlaki njiani, na Mariamu anabaki nyumbani. Kila mmoja kama alivyo. Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu naye anafika, anaanguka miguuni pake, anasema maneno hayo hayo. Linganisha mstari wa 21 na wa 32.

Wamesema neno moja, lakini hawakujibiwa kwa namna moja. Kwa Martha Yesu aliongea. Alimfundisha pale pale njiani, akamwambia, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," akamuuliza swali, naye Martha akakiri kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Martha ni mtu wa maneno, Bwana akampa maneno. Mariamu hakupewa fundisho lolote. Yesu alipomwona analia aliugua rohoni, akauliza mlipomweka, kisha mstari wa 35: "Yesu akalia machozi." Mariamu ni mtu wa machozi, Bwana akampa machozi.

Nimesoma Biblia miaka mingi, na sehemu hii bado hunifanya niweke kitabu chini. Hakumwambia Martha alie kidogo kama Mariamu. Hakumwambia Mariamu aseme kitu. Hata kaburini Martha ni Martha bado, ndiye anayeonya kwamba maiti ina siku nne na itakuwa inanuka. Mtu wa jikoni huyo, anawaza harufu na wageni waliosimama pale! Na sura ya 12, kwenye karamu, Martha yuko kwenye kuhudumu tena na Mariamu yuko miguuni tena, safari hii na ratli ya marhamu ya nardo. Ufufuo wa kaka yao haukuwabadilisha kuwa watu wengine.

Kwa hiyo swali lako, kama imani yako ina kasoro, nalijibu: hapana. Yule mjane alihitaji mtu wa kukaa naye, nawe ulikaa. Na kuhusu kuomba kwa sauti, mkumbuke Hana, 1 Samweli 1. Aliomba moyoni, midomo ikacheza tu, sauti haikusikika, na kuhani Eli alimdhania kuwa amelewa. Kuhani mzima, aliyeketi mlangoni pa hekalu la Bwana, alikosea kumsoma mwanamke mkimya. Mungu hakukosea, na mtoto alizaliwa. Mwenyekiti wako hayuko peke yake katika kosa lile.

Lakini sasa nikuguse na wewe, maana umeniita Mama. Ukimya nao una mahali pake pa kuteleza. Kukaa nyumbani Jumamosi tatu ni kusema jambo, tena kwa nguvu, na mwenzako hana namna ya kujua unasema nini. Pengine anadhani unaumwa. Pengine alishasahau alichosema, maana watu wa aina yake hutoa neno likaisha, wakati sisi tunalifungia kabatini na kulitazama kila usiku. Mambo ya Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni, na hapo hapo inaagiza kumkemea. Vyote viwili viko katika mstari mmoja. Ukiacha kumwambia, chuki inabaki ndani.

Nenda kwake katikati ya wiki, usisubiri Jumamosi mbele za watu. Nenda wakati ambao ana nafasi, si saa ya kupika. Kama maneno yanakukimbia, yaandike kwenye karatasi ukaisome, wewe si katibu? Mwambie, "Mama, siku ile ulisema mbele za watu, nikaumia." Usizungushe, mtu wa aina yake hapati mafumbo. Halafu muulize jambo moja ambalo nadhani hakuna aliyemuuliza: siku ile ya msiba yeye alikula saa ngapi? Mimi nilikuja kugundua kwamba wifi yangu siku ya maziko alikula saa nne usiku, ukoko, akiwa amesimama.

Kuhusu kumpenda, sikulazimishi uipende sauti yake. Mimi ya wifi yangu bado inanichosha baada ya nusu saa. Ila msiba ukitokea kwa mtu, wa kwanza ninayempigia simu ni yeye, na yeye akifika huniuliza, "Umeshapata pa kukaa na mfiwa?" kisha anaelekea jikoni.

SWALI: Mama, kanisani kwetu Mwanza tulifanya semina ya ndoa, tukafundishwa tabia nne za binadamu: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Tangu hapo mke wangu akinifokea mbele ya watoto anasema, "Mimi ni koleriki, Mungu aliniumba hivi." Je, haya ni mafundisho ya Biblia?

JIBU: Hapana, baba. Yametoka kwa waganga wa Kiyunani wa kale, na aliyeyaeneza sana ni tabibu Galen wa karne ya 2, mzaliwa wa Pergamo, mji huo huo uliomo katika zile barua saba za Ufunuo. Waliamini mwili una maji manne: damu, belghamu (makohozi), nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kinachozidi ndicho kinachompa mtu tabia. Koleriki, yaani mwepesi wa hasira, ni mwenye nyongo ya njano nyingi. Nilikuwa muuguzi miaka 32, na hakuna daktari aliyewahi kunituma kupima hayo, kwa kuwa tiba iliyaacha zamani. Kama majina hayo yanawasaidia kuanza mazungumzo nyumbani, sawa. Yakianza kutumika kama ruhusa, yawekeni kando.

Someni pamoja habari za Yakobo na Yohana. Yesu aliwaita Boanerge, wana wa ngurumo, kwa hiyo alijua vizuri aliowachagua. Katika Luka 9 kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea, nao wakataka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze. Aliwakemea. Hakuwafukuza, na hakuwaambia, "Basi, ndivyo mlivyoumbwa." Kisha nendeni Matendo 8. Samaria imepokea neno la Mungu, mitume wanawatuma Petro na Yohana. Yohana yule yule anarudi kwa Wasamaria, na safari hii anawawekea mikono wapokee Roho Mtakatifu. Ninaamini bado alikuwa na moto wake, ila sasa ulikuwa umepata kazi.

Mwambie mkeo hayo watoto wakiwa wamelala, kwa sauti ya chini. Na barua yako haikusema wewe uliambiwa ni yupi kati ya wale wanne, wala yeye amevumilia nini kutoka kwako. Muulize, kisha niandikie tena.