RECHERCHEV inaleta bei isiyo yake

Swali: Ninauza vifaa vya ujenzi Birere, Goma. Katika Excel yangu ya Kifaransa, RECHERCHEV (fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, VLOOKUP kwa Kiingereza) huleta bei ya bidhaa nyingine bila kuonyesha kosa lolote. Nihamie fomula nyingine?

Jibu: Ndugu, tazama kwanza mwisho wa fomula. Ukiacha sehemu ya nne, Excel huchukua VRAI (kweli): inatafuta kinachokaribia, ikidhani orodha imepangwa kwa mfuatano. Andika =RECHERCHEV(F2;$A$2:$D$400;4;FAUX). FAUX (si kweli) hutaka kinacholingana kabisa. Alama za dola (si pesa!) huzuia eneo lisihame unapoburuta fomula chini.

Hata hivyo, ile 4 (namba ya safu wima yenye bei) haibadiliki. Ukichomeka safu wima katikati ya jedwali, utaletewa kitu kingine badala ya bei. Tena RECHERCHEV haitafuti kushoto. Kwa orodha inayobadilika kila wiki, sisi tungechagua =INDEX($D$2:$D$400;EQUIV(F2;$A$2:$A$400;0)): EQUIV hutafuta mstari, INDEX huleta bei yake. RECHERCHEX, fomula mpya zaidi ya kutafuta, ni nyepesi zaidi kuandika, ila inataka Excel 2021 au mpya zaidi, au Microsoft 365. Kwenye 2016 itakwama.

Ukiona #N/A (haikupatikana) na namba ya bidhaa ipo, mara nyingi kuna nafasi tupu nyuma yake. Isafishe kwa SUPPRESPACE. Au upande mmoja ni namba, mwingine ni maandishi.