Pesa za mpakani ziende wapi?

Umeuliza kama kufadhili programu za simu kunasaidia biashara ya mpakani kuinuka baada ya korona. Inategemea biashara yenyewe ni ya nani. Mwaka 2020 pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwa sababu cheti cha kipimo cha korona cha dereva kilichotolewa upande mmoja hakikuaminiwa upande wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kielektroniki, wenye programu ya simu, wa kufuatilia madereva na mizigo, majibu ya kipimo yakawa yanasomeka nchi zote zilizojiunga. Ujerumani nayo, kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, ililipia maabara 9 za kuhamishika za kupimia. Hapo pesa ilifanya kazi, sibishi.

Lakini mama wa Busia, mpaka mwingine wa Kenya na Uganda, mwenye trei tano za mayai kichwani? Yeye hana lori. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa watu, mizigo ikaruhusiwa, maana yake tajiri apite na yeye abaki. Wengine wakaingia njia za panya. Wenye akili (na simu ya kitochi tu!) wakaunganisha mizigo, wakakodi gari moja, mwenzao wa ng'ambo akapokea. Huo ndio ubunifu, na haukuwa na mfadhili.

Kwa hiyo mimi ningeweka hela kwenye mtaji wa vikundi hivyo, stoo ya baridi ya samaki, na mtu wa kuwajazia cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, isitozwe ushuru wa forodha) kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Wengi bado hawajui kipo.