Kwa vijana wa Arusha na Moshi mnaoanza kazi ya kina cha bandari

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni huku Kaskazini kwenda kwenye kazi za bandari, hasa Tanga, anzeni na sifuri. Sisi wa bara tumezoea kupima kwenda juu: Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usawa huo ni wastani wa maji kujaa na kupwa. Ramani ya baharini haiutumii. Sifuri yake iko chini zaidi, karibu na pale maji ya bamvua, yaani ya siku za kujaa na kupwa kukubwa, yanapokupwa kabisa, ili nahodha asitegemee kina kitakachotoweka baada ya muda wa saa sita. Pale Tanga sifuri hizo mbili zimepishana kwa zaidi ya mita moja. Mchoro ukifika mezani, kabla ya kusoma kina chochote, tafuta pembeni palipoandikwa kimepimwa kutoka wapi. Kama hapajaandikwa, urudishe, hata kama aliyeuleta ni bosi wako.

Kisha fikirieni meli yenyewe. Meli ambayo sehemu yake iliyo ndani ya maji ni mita 11.5 haipiti kwenye maji ya mita 11.5. Ikitembea kwenye maji machache hudidimia zaidi, na mawimbi huiyumbisha. Ukiacha nafasi ya asilimia 10 ya kipimo hicho chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, tayari unahitaji mita 12.65, na kwenye mlango wa bandari penye mawimbi huongezeka.

Bandari ya Tanga ya enzi za Wajerumani haikupangwa kwa meli za namna hiyo. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929 chini ya Waingereza, lakini mzigo uliendelea kushushwa kwa matishari, vyombo bapa vinavyobeba mzigo kati ya meli na gati. Mpaka miaka ya karibuni meli zilitia nanga kilomita 1.7 kutoka gatini, kwa sababu kina cha gatini kilikuwa mita 3. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 ulikifikisha mita 13 na kuleta gati za mita 450. Gati ni sehemu ya hesabu ya kina, na wageni wengi hulisahau hilo. Ukichimba mbele ya ukuta wa gati uliojengwa kwa ajili ya matishari, unaondoa udongo unaoushikilia chini. Ulizeni nguzo za gati zimeshuka mpaka wapi kabla mtambo wa kuchimba haujagusa tope.

Tope lenyewe hurudi. Mito ya Zigi na Mkulumuzi humwaga maji yake upande huo wa Tanga, na masika huja na udongo wa mashambani. Bajeti isiyo na fungu la kuchimba tena na kupima tena haijakamilika, msiisaini.

Na tope lililotolewa litamwagwa wapi? Pwani ile ina hifadhi ya silikanti, samaki adimu wa kale, tangu 2009, ina matumbawe, ina wavuvi wanaokula kutokana na maji hayo. Nendeni mkakae nao kabla ya kuweka alama ya eneo la kumwaga. Mikondo ya kusi na kaskazi wanaijua, na watawaonyesha tope litakakoelekea.