Bamudogo bapya ba biro ya bidje, muache kukopia kolone ya mwaka jana

Bamudogo, wiki yote nimepita nyuma ya meza yenu nikafunga mudomo, leo imenishinda. Konferansi ya bidje, kikao cha kupanga pesa ya komini ya mwaka unaokuya, iko karibu na nyiye munafanya paka ile tuliyokuwa tunafanya siye: kufungua faili ya mwaka jana, kuongeza kidogo ku kila mustari, kubadirisha tarehe, kwenda kula bukari. Haya, musikilize.

1. Mapato njo inatangulia. Nyiye munaanza na matumizi, munafika chini munakuta haitoshi, kisha munapanda juu kuongeza taksi ya soko mpaka totali mbili zilingane. Ni kweli sheria inataka bidje isawazike, lakini haikusema mubuni bachuuzi! Ile taksi inatoka mu mukono ya mama mwenye kuuza tomati chini, na masika ikiingia kuna siku soko haifunguki. Tena bale ba komini yenye mugodi musijidanganye. Sheria ya madini ya 2018 inapatia ETD (serikali ndogo za chini, sawa komini) asilimia 15 ya redevansi (ile kampuni ya mugodi inalipa juu ya madini), sawa, lakini Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kutoa kobalti inje, na kobalti isipotoka redevansi yake haiingii. Ile pesa muweke ku kazi yenye kuwa na mwisho, darasa, mufereji, kisima. Mushahara hapana.

2. Umeme na maji. Hapa njo niliungua miye mwenyewe. Nilikuwa mupya sawa nyiye, na kravati kabisa, mu komini moja jina naacha. Mukubwa akanituma kutengeneza mustari wa umeme, nikakamata kile tulilipa mwaka uliopita, nikaongeza kidogo, nikajiona mwerevu juu mustari wangu ulikuwa mudogo kuliko wa biro zingine zote. Sikuuliza tulidaiwa ngapi. Tulilipa kidogo juu tulikuwa hatulipi! Faktire zilikuwa mu droo ya wisie (mutumishi wa mulango), ingine alifungia mikate. Sasa ku karatasi ikabakia pesa, na pesa ya karatasi haikosi bandugu: mukubwa akasema tuingize batu ba kontra, vijana ba kukusanya taksi, dada wa sekretaria, na kila mumoja alikuwa wa mutu fulani, hata miye nilileta mutoto wa shangazi. Habakuwa ba mekanize bale Kinshasa inalipa, hapana, hawa balikuwa juu ya kese yetu, sanduku ya pesa ya komini, mwezi kwa mwezi. Kisha ba umeme bakakuya na koleo. Foleni ya etasivili, biro ya vyeti, ilikuwa imefika ku barabara, ba mama na batoto mugongoni juu ya cheti cha kuzaliwa, mashini ikazima pwaa. Tukanunua mazutu ya jenereta na pesa ya kuondoa takataka, takataka ikapanda karibu na soko, bachuuzi bakakatala kulipa taksi (na ungekuwa weye ungelipa?), kese ikakauka, na ba kontra habakulipwa. Mutoto wa shangazi alikuwa anafika kwangu magaribi, anakula, hasemi kitu, anaenda. Shangazi yeye alisema, na angali anasema, ku kila kilio na ku kila arusi.

Kufanya muzuri haiko nguvu: hesabu ya kontere (mita), ao faktire zote 12 kama kontere haiko, deni ya zamani mu mustari wake peke, na mazutu ya delestaji (umeme ikikatwa kwa zamu) pembeni.

3. Batu. Nimekwisha kusema nusu yake. Mukiandika mutu mumoja muandike na prime (nyongeza ya mushahara), usafiri, matibabu, na kiti, ndiyo kiti, niliona kijana anasimama mu biro mpaka Noeli. Kumuingiza ni sinyatire moja, kumutoa ni kikao cha ukoo muzima.

4. Hatua ine za kutoa pesa: angajema (kuahidi), likidasio (kuhakikisha deni ni ya kweli), ordonansema (kuamuru ilipwe), peyema (kulipa). Musiruke hata moja, hata kama burgmestre, mukubwa wa komini, ameshaingia mu gari na anapiga honi.

5. Konseye. Siye tulizoea kumalizana na burgmestre, lakini tangu uchaguzi wa Desemba 2023 ba konseye ba komini beko, na bidje inapita kwabo. Banauliza! Mumoja aliniuliza sababu gani mafuta ya gari inapita dawa ya dispansere, nikaanza kukohoa. Mubatengenezee ukurasa mumoja wa wazi, mapato huku, matumizi huku, deni chini. Na ile deni musiifiche mu "mengine", banajua kusoma.

Kesho asubuhi kila mutu aniletee faktire za umeme na maji za servisi yake, zote, hata zenye mafuta ya mikate. Kisha njo tutafungua kompyuta.