Kuovakloki GPU kwenye joto la Pwani, kabla hujagusa slaida soma hapa

Nyie mnaoanza, ambao kadi ya picha (GPU) imefika juzi na leo mshashusha MSI Afterburner, ile programu ya kubadilisha setingi za kadi, tulieni kidogo kwanza. Kuovakloki GPU, yani kuikimbiza kuzidi spidi ya kiwandani, siku hizi sio hatari kiviile kama mnavyotishwa na mafundi, kadi yenyewe ina ulinzi ndani, ikipata moto inajipunguza spidi, ikizidi inazima. Shida ni kwamba wengi mnaanzia mwisho, mnavuta slaida ya MHz, yani ya spidi, kabla hamjajua kadi yenu inaishije ikiwa haijaguswa, afu gemu likijifunga mnasema mmeuziwa kimeo.

Ntatumia kadi ya NVIDIA, GTX 1660 Super, kama mfano kwa sababu zimejaa mtaani. Ilitoka Oktoba 2019, ina memori ya GB 6, inakula wati 125, na kwenye karatasi wameandika itafika 1785 MHz. Sasa ifungue kwenye gemu lolote zito bila kugusa kitu, utaikuta 1900 na ushee. Kumbe? Ndio, NVIDIA tangu GTX 680 ya 2012 wana kitu kinaitwa GPU Boost, yani kadi inajipandisha yenyewe mpaka pale itakapobanwa na kitu, na vitu vinavyoibana ni joto, wati na volteji basi. Kwa hiyo dukani inatoka tayari imejiovakloki, wewe unachogombania ni mabaki, asilimia 5 mpaka 10 hivi ukibahatika. Gemu lililokuwa linaenda fremu 60 litaenda 64 au 65. Ukitarajia kadi ya chini igeuke ya juu utalia bure, bora ukashushe vivuli kwenye setingi za gemu utapata fremu nyingi zaidi kwa dakika moja.

Sasa kwa nini nasema joto la Pwani. Review mnazosoma na kuangalia nyingi zinafanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu, na kadi inasoma 68. Chumba chako cha Tandika au Sinza mwezi wa pili saa nane mchana ni nyuzi 32 feni ya dari inazungusha joto lile lile, na joto la kadi linapanda karibu sawasawa na joto la chumba, kwa hiyo hiyo 68 yao kwako ni 78 mpaka 80 kadi haina kosa lolote. Na kadi za kizazi cha Turing kama hii 1660 Super zikiwa zinapanda joto zinashuka ngazi ngazi, kila ngazi 15 MHz, zinaanza kushuka mapema sana kabla hata hazijafika ile 83 ambayo kadi nyingi za NVIDIA zimewekewa kama kikomo. Ndo maana unaweza ukaongeza MHz 60 kwenye slaida, baada ya dakika kumi ukakuta zimeliwa zote na joto, umebaki pale pale ila feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni usafi na hewa, na haina programu. Fungua kasha, toa vumbi. Ukitumia blowa ya umeme shikilia feni za kadi kwa kidole zisizunguke, maana zikizungushwa kwa nguvu ya upepo zinaharibika beringi. Wenzangu mnaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Mombasa huko, hewa ina chumvi na unyevu, vumbi linakuwa kama utando unanata kwenye mapezi ya kipozeo, blowa peke yake haitoi, inabidi ufungue feni upite na brashi laini. Afu angalia kasha lenyewe, zile zenye kioo mbele zinapendeza sana ila hewa inaingilia wapi? Kama ukitoa kioo cha mbele kadi inashuka nyuzi nne tano, umeshapata jibu.

Kadi used ni habari nyingine. Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, walibadilisha mfumo wao ikawa haichimbwi tena kwa GPU, kadi zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote, na nyingi ziko mikononi mwetu. Kuchimba peke yake hakuui kadi, ila pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kipozeo inakauka, zile pedi za kupitisha joto la memori zinachoka, na feni zinakuwa zimelia sana. Badilisha pesti kabla ya kufikiria kuovakloki. Pedi kuwa nazo makini, unene wake lazima ufanane na wa mwanzo, kuna za nusu milimita, za milimita moja, za moja na nusu, ukiweka nene kipozeo hakitagusa chipu vizuri na joto litakuwa baya kuliko ulivyoanza. Wenye kadi za AMD, RX 570 na 580, pitisheni GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, mwone spidi za kiwandani zinafanana na zilizotangazwa na mtengenezaji, hizo kadi wachimbaji walipenda sana kuziwekea bayosi (programu ya ndani ya kadi) iliyorekebishwa kwa kuchimba, na ukiovakloki juu ya bayosi ya mtu usiyemjua unajenga juu ya mchanga.

Umeme nao. Hapa huwa nakuwa mkali kidogo. Ile pawasaplai iliyokuja bure na kasha, imeandikwa wati 500 kwa stika, ukiinyanyua nyepesi kama boksi tupu, hiyo usiovaklokie kitu chochote, hata mausi. Sloti ya mazabodi inatoa wati 75, waya wa pini 6 unatoa 75, wa pini 8 unatoa 150, hivyo ndo vipimo, sasa kuna watu hawana waya wa pini 8 wanaungaunga adapta kutoka kwenye moleksi, zile plagi za zamani za pini nne, kadi ikivuta ule mwaya unalainika na plagi inaanza kunuka. Kama pawasaplai yako haina waya wake wa kadi basi haikutengenezwa kwa ajili ya kadi, nunua nyingine, mambo ya MHz yasubiri. Na kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka weka UPS au stabilaiza ya kueleweka, kadi iliyovutwa mpaka ukingoni inahisi kila mtikisiko, utahangaika kushusha setingi wiki nzima kumbe jirani ndo anawasha mashine ya kuchomelea.

Haya, sasa programu. Kabla hujabadilisha chochote endesha Unigine Heaven au Superposition, programu za kupima kadi, zote bure, iache izunguke nusu saa, andika kwenye karatasi skoo, joto la juu, MHz zilipotulia, na volteji. Hiyo karatasi ndo mzani wako, bila hiyo hutajua kama umeongeza au umepunguza, na niamini mimi watu wengi wanapunguza huku wanashangilia.

Hatua inayofuata itakushangaza, tunashusha volteji. Ukweli wa umeme ni kwamba wati zinazoliwa na chipu zinapanda kwa mraba wa volteji, kwa hiyo kutoka 1.05 kwenda 0.90 kwa MHz zile zile unaokoa karibu robo ya wati za chipu, na robo ya wati ni robo ya joto. Kiwandani wanaweka volteji kubwa ili hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi, yako inaweza isiwe dhaifu. Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F itafunguka grafu, tafuta nukta ya 0.900 kwenye mstari wa chini, ipandishe mpaka kama 1800 MHz, nukta zote za kulia kwake zilaze ziwe usawa huo huo, bonyeza tiki ya kukubali. Endesha Heaven tena. Ikikubali panda 1815, 1830, kwa hizo ngazi za 15, ikikataa rudi ngazi mbili. Kwenye chumba cha joto mara nyingi hii peke yake inakupa spidi inayotulia kuliko ile ya kuvuta slaida, maana kadi haibanwi tena na joto, na kelele zinapungua. Mi kwa hali ya hewa yetu naiona ndo ovakloki ya kweli na wengi wenu mngeweza kuishia hapa.

Wabishi wanaotaka juu zaidi, sawa, slaida ya wati ivuteni mpaka mwisho, haiui kadi, mwisho wake umewekwa na mtengenezaji. Slaida ya volteji iacheni kama ilivyo. Kloki ya chipu ongeza 30, pima, ongeza 15, pima, mpaka uone dalili. Dalili za chipu ni gemu kujifunga, skrini kuwa nyeusi sekunde chache afu inarudi na ujumbe kwamba draiva imesimama. Windows ikisubiri kadi sekunde 2 haijajibu inaiwasha upya draiva, hakuna kilichoungua, punguza tu. Na msishangae gemu likijifunga kwenye menyu au linapolodi badala ya kwenye vita, pale mzigo unapungua ghafla, kadi inaruka kwenye MHz za juu ambazo kwenye vita haizifikii.

Memori ina tabia nyingine kabisa. Kwenye hii kadi Afterburner inasoma kama 7000, ambayo ni ile Gbps 14 ya kwenye karatasi, ukiongeza 500 inakuwa 15. Ikizidi utaona vidoa vya rangi, miraba, mistari. Ila kuna kitu cha ujanja, memori za kisasa zinaweza kugundua data iliyoharibika na kuituma tena, kwa hiyo unaweza usione doa lolote, gemu linaenda, lakini skoo inashuka kwa sababu inarudia rudia kazi. Ndo maana ya ile karatasi. Panda 100 kwa 100, pale skoo inapoacha kupanda au inaporudi nyuma umeshapita, shuka 100 au 150 ukae hapo. Kuna kaprogramu kadogo kanaitwa memtest_vulkan, kapitisheni mwisho kahakikishe. Na memori na chipu msipandishe pamoja siku moja, ikikwama utajuaje mwenye kosa ni nani.

Wanaopima kwa FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, hiyo inapima kipozeo na pawasaplai tu. Inavuta wati nyingi mpaka kadi inajishusha MHz, sasa utasemaje 2000 MHz imetulia wakati kadi ilikuwa inakimbia 1600? Kipimo cha mwisho ni gemu zako mwenyewe, jioni kadhaa, za aina tofauti, na kama una-render video basi render nayo.

Ile tiki ya kuweka setingi kompyuta inapowaka usiiweke mpaka hizo jioni zipite. Ukiiweka mapema na setingi mbovu, kompyuta itakwama kila ikiwaka, utalazimika kuingia kwa sefu modi kuitoa Afterburner. Habari ya kuflashi bayosi ya kadi nyingine ili upate wati zaidi, mgeni achana nayo, hapo ndo kadi zinapokufa kweli. Wa laptopu, ninyi mwisho wenu ni kushusha volteji na kusafisha, kipozeo mnagawana na prosesa.

Kingine, setingi uliyoipima Julai kuna baridi inaweza ikaanza kukreshi Februari bila wewe kugusa kitu, chipu ikiwa ya moto inahitaji volteji zaidi kidogo kushikilia MHz zile zile. Afterburner ina nafasi tano za kuhifadhi, ya kwanza weka ya kiangazi, yani ile ya kipupwe ukitoa 30 MHz, ya pili weka ya kipupwe, na ya tano acha ya kiwandani kabisa kwa siku ile gemu linagoma na hujui kosa ni lako au la gemu.