Kocha Ajibu: Niongoze tangu mwanzo kama Bayi?

SWALI: Shikamoo Kocha. Nipo kidato cha tatu, nakimbia mita 1,500. Mwalimu wa michezo hataki nitangulie. Anasema nijibanze nyuma ya wenzangu mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho ilie. Nikimtajia Filbert Bayi, yule mkimbiaji wetu wa Tanzania, ananijibu kwamba Bayi hana hata dhahabu moja ya Olimpiki. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakosea, ila hoja ya dhahabu kaichukua juu juu.

Christchurch, Februari 2, 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi ana miaka 20. Bastola inalia, kijana anaondoka zake. Mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55, hakuna wa kumvuta. Kila nikiitazama filamu ya mbio zile hujikuta namwambia "punguza bwana!", utadhani hajui anachofanya. John Walker wa New Zealand akamfukuza hadi utepe, asimfikie. Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, na bado akaambulia medali ya fedha. Mwaka uliofuata, Kingston, Bayi akachukua na rekodi ya maili: 3:51.0.

Sasa hiyo dhahabu. Montreal 1976 Tanzania haikukimbia. Nchi nyingi za Afrika zilisusa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker, wa New Zealand hiyo hiyo, akashinda kwa 3:39.17. Sisemi dhahabu yake ni ya bure; fainali ya Olimpiki ni vita ya akili. Lakini uone watu wanavyokwenda taratibu asipokuwepo wa kuwaburuza.

Mwalimu wako angekutajia Moscow 1980 ningenyamaza. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Bayi akatangulia kama kawaida yake, na mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akampita. Fedha, 8:12.48. Anayeongoza hulipia mwishoni.

Wewe mzunguko wa kwanza usikudanganye, kila mtu anauweza. Wa tatu ndio unaoua. Ongoza kwanza mazoezini, mtu akipumua kisogoni, na mwenzako akupimie kila mzunguko. Siku ule wa tatu utakapolingana na wa pili, mwombe mwalimu mbio moja tu ya kutangulia. Na umwombe kwa adabu, usimtajie Bayi.