Je, sura ya fimbo ya gofu ina umuhimu?

SWALI: Nimeanza kucheza gofu mwaka huu, na muuzaji amenishauri ninunue fimbo za chuma zenye vichwa vinene, ambazo kwa macho yangu hazipendezi hata kidogo. Je, ni ujinga kuchagua fimbo kwa sura yake? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Si ujinga, ndugu msomaji, ila inategemea ni sura ipi unayoizungumzia. Mchezaji anapoinama juu ya mpira huona ukingo wa juu wa kichwa cha fimbo na upande unaoelekea uso wake, na fimbo inayoonekana kwake kana kwamba imepinda humtia shaka kabla hajaiinua. Mng'aro ni jambo jingine, la dukani zaidi.

Fimbo nyembamba unazozitamani hazisamehe makosa, kwa sababu uzito wake umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso unaopiga mpira, ilhali zile nene, zilizochimbwa mgongoni, zimesambaziwa uzito pembezoni, hivyo mpira uliopigwa nje kidogo ya kitovu haupotezi umbali mwingi. Mwaka 1986 mchezaji gofu Mmarekani Jack Nicklaus, akiwa na umri wa miaka 46, alishinda Masters, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, kwa fimbo ya kusukumia mpira shimoni yenye kichwa kikubwa ajabu, ambayo (naomba radhi kwa wanaoipenda) haipendezi kutazamwa.

Zijaribu zote mbili, mipira ishirini kwa kila moja, ukizitazama kutoka juu zikiwa nyuma ya mpira, si zikiwa zimetundikwa ukutani.